Malewa ya katiye: kwa nini sahani ya sambaza inapanda na kushuka

Saa sita ya mchana mu Birere, fuata moshi wa makala. Nyuma ya mlango wa mbao, chini ya bashi, utakuta benchi mbili, meza yenye plastiki juu, na mama anayepakua bugali. Hakuna karatasi ya bei. Unauliza tu: « Mama, leo kuko nini? » Naye: « Kuko sombe, maharagi, sambaza. Bugali ya muhogo ao ya mahindi? » Hii ndiyo malewa. Jina lilitufikia kutoka Kinshasa, lakini chakula ni cha kwetu.

Watu wengi hawajui kama sambaza ni mgeni pia. Ziwa Kivu ni refu kwenda chini, karibu mita 485, na maji yake ya chini hayana hewa ya kuishi samaki, yamejaa gesi ya metani. Zamani samaki walikuwa wachache, na vidudu vidogo vya juu ya maji havikuwa na samaki wa kuvila vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, samaki wadogo wa aina mbili waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika. Aina moja ilipotea. Ile ingine ikazaa sana: ndiyo hii sambaza tunayokula ikiwa imekaangwa, na kichwa na mifupa yake.

Wavuvi wanaikamata usiku. Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu unashushwa chini, taa zinawashwa na sambaza inafuata mwangaza. Lakini mwezi mpevu ukiwaka, ziwa lote liko na mwangaza, taa ya mvuvi haivuti tena. Basi kama siku hizo sahani imepunguka ao bei imepanda, mama hakuibii. Angalia juu mbinguni kwanza.

Sombe nayo ina habari yake. Majani ya muhogo yana sumu. Kuyatwanga vizuri na kuyachemsha muda mrefu ndiko kunaiondoa, na mawese, kitunguu na puaro vinafuata baadaye. Mama anayeharakisha sombe ili aokoe makala anakosea, hata kama ladha haionyeshi. Na makala ni ghali: sehemu kubwa ya yale yanayochomwa Goma inatoka upande wa Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ambako kukata miti kumekatazwa. Stima ya Matebe inafika mjini tangu miaka kadhaa, lakini sufuria la malewa bado linakaa juu ya babula.

Sasa maji. Mji wetu umejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo. Kuchimba kisima hapa ni kazi bure, kwa hiyo maji mengi yanatoka ziwani, mara nyingi kwa bidoni. Wakubwa wanakumbuka kipindupindu cha Julai 1994, kilichoua maelfu ya wakimbizi kandokando ya mji. Kwa hiyo, kabla ya kuangalia nyama, angalia kama kuko maji ya kunawa na sabuni, na uulize maji ya kunywa yametiwa klore ao yamechemshwa. Pasipo na sabuni, mimi napita, hata sombe inukie namna gani.

Viazi na maharagi vinatoka Masisi na Rutshuru, shu zinateremka kutoka Kibumba, zingine juu ya chukudu. Barabara ikifungwa, sahani inabadilika siku ileile. Banki zilipofungwa mwisho wa Januari 2025, pesa ya mkononi ikawa ngumu kupatikana, na kwa mama wa malewa hiyo ni shida mara mbili: mteja hana cha kulipa, na muuzaji wa sokoni anataka pesa asubuhi. Hapo kunabaki daftari la madeni. Mama anapika leo na pesa ya jana. Deni la watu watano tu linaweza kumkosesha mfuko wa unga wa kesho. Kama jina lako liko mu daftari, anza kulipa hata kidogo.

Na usifike kisha saa nane ukitafuta sombe. Itakuwa imekwisha.