Kafeini: Je, Idhibitiwe kama Pombe na Sigara?

Mwendesha bodaboda anayefanya kazi hadi usiku wa manane hununua chupa ya kinywaji cha kuongeza nguvu dukani. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani hununua chupa kama hiyo, na hakuna anayemuuliza umri. Angeitisha bia au sigara, sheria ingemzuia mwenye duka kumuuzia mtu ambaye hajatimiza miaka 18.

Hata hivyo, kinywaji hicho kina kafeini, kemikali ambayo mwili huizoea hadi mtu akaumwa anapoikosa. Je, nayo inafaa kudhibitiwa vivyo hivyo?

Inavyofanya kazi

Mtu anapokuwa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya katika ubongo na kumletea usingizi. Kafeini huizuia kemikali hiyo isifanye kazi yake. Uchovu hauondoki, unafichwa tu, na dereva aliyechoka hubaki hatarini barabarani.

Kwa mtu mzima, nusu ya kafeini huwa ingali mwilini baada ya takriban saa tano. Ndiyo maana kahawa ya jioni humkosesha mtu usingizi.

Ni uraibu au mazoea?

Anayekunywa kahawa au chai kila siku akiacha ghafla anaweza kuumwa na kichwa, kuchoka na kuwa mwepesi wa hasira. Wengi wanaofunga Ramadhani wanayajua maumivu hayo ya siku za mwanzo.

Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unazitambua dalili hizo. Hata hivyo, uliweka uraibu wa kafeini miongoni mwa mambo yanayohitaji utafiti zaidi. Kafeini hailevyi, na kwa kawaida dalili za kuiacha huisha kwa siku chache.

Kipimo ndicho muhimu

Mwaka 2015, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku bila wasiwasi. Kwa mama mjamzito, kiwango ni miligramu 200. Kwa watoto, mamlaka hiyo ilipendekeza miligramu 3 kwa kila kilo ya uzani.

Kikombe cha chai kina takriban miligramu 50, na cha kahawa 90. Chupa ya nusu lita ya kinywaji cha kuongeza nguvu chenye miligramu 32 katika kila mililita 100 ina miligramu 160. Mtoto wa kilo 30, ambaye kiwango chake ni 90, atakuwa amekipita kabla hajaimaliza.

Nchi nyingine zimefanya nini?

Lithuania ilipiga marufuku kuwauzia vinywaji hivi walio chini ya miaka 18 mwaka 2014, na Poland ikafuata mwaka 2024. Nchi hizo hazikugusa chai wala kahawa. Marekani nayo, mwaka 2010, iliwaonya watengenezaji wa pombe iliyotiwa kafeini, kwa kuwa kafeini humfanya mlevi asihisi kiasi alicholewa.

Mifano hiyo inaonyesha njia ya katikati. Kudhibiti kafeini yote kama pombe kungemaanisha kibanda cha chai kihitaji leseni kama baa, na kungewaumiza wakulima wa chai na kahawa bila faida kubwa kwa afya. Swali lenye uzito ni kuhusu umri wa mnunuzi na vinywaji vyenye kafeini nyingi.

Nani ana mamlaka?

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 na ile ya Kudhibiti Vileo ya 2010 zilipitishwa na Bunge, na hazihusu kafeini. Viwango vya bidhaa huwekwa na Shirika la Viwango nchini (KEBS). Chini ya Katiba, kaunti husimamia huduma za afya katika kaunti na kutoa leseni kwa wanaouza chakula. Mwananchi ana haki ya kutoa maoni mswada unapojadiliwa, uwe wa Bunge au wa bunge la kaunti.

Mambo ya kuzingatia

• Soma kibandiko na ujumlishe kafeini ya siku nzima, ikiwemo ya chai na soda.

• Usiwape watoto vinywaji vya kuongeza nguvu.

• Usichanganye vinywaji hivyo na pombe.

• Dereva anayesinzia asimamishe chombo na alale.

• Anayetaka kuacha apunguze kidogo kidogo.

• Mama mjamzito, na yeyote mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu, azungumze na mhudumu wa afya. Moyo ukienda mbio au kifua kikiuma baada ya kunywa, nenda hospitalini mara moja.