KOPERATIVA HUANZIA SHULENI
Mafundisho ya Mondragón kwa mapadri na wakatekista



Katika paroki zetu jambo moja linatokea tena na tena. Padri anakusanya wakristu, anawaeleza faida ya kufanya kazi pamoja, kila mtu anatoa feza kidogo, wananunua mashini ya kusaga unga au wanafungua duka. Mwaka wa kwanza ni furaha. Mwaka wa pili hesabu ya sanduku inaanza kuleta maneno. Mwaka wa tatu Padri anahamishwa, mashini inaharibika, na watu wanabaki na neno moja tu mdomoni: «Feza yetu ililiwa». Tangu siku ile, ukitaja koperativa mahali pale, watu wanacheka.

Sababu ni nini? Wengine wanasema: ni umaskini. Wengine wanasema: ni wizi. Lakini wataalamu wa universite waliochunguza koperativa wanatuonyesha sababu nyingine inayozitangulia hizo mbili: watu walitoa feza kabla ya kujifunza. Ili tuelewe vema, tuangalie kazi moja iliyochunguzwa sana, ndiyo koperativa za Mondragón, mji mdogo wa nchi ya Wabaski katika Hispania. Zilizaliwa kwa juhudi ya padri msaidizi wa paroki.

I. Maneno matatu ya kuelewa kwanza

Koperativa si chama cha kugawa sadaka, wala si kampuni ya tajiri mmoja. Ni kazi ya biashara ambayo wanaoitumia au wanaoifanya ndio wenye mali. Katika kampuni, aliyeweka feza nyingi ana sauti kubwa; katika koperativa, mtu mmoja ana kura moja. Kanuni hiyo ilijulikana sana tangu watu 28 wa Rochdale, katika Uingereza, walipofungua duka lao dogo mwaka 1844.

Mwanzishaji ni mtu anayeona njia mahali wengine wanapoona pori tu. Joseph Schumpeter, mwalimu wa elimu ya uchumi aliyezaliwa katika dola ya Austria, alieleza kazi yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1911. Kwa maoni yake, si lazima mwanzishaji awe tajiri, maana feza anaweza kuikopa. Kazi yake ni kuunganisha vitu vilivyokuwapo kwa namna isiyokuwapo.

Jambo jipya, basi, ndilo tunda la mwanzishaji. Schumpeter alihesabu aina tano: kutengeneza kitu kipya, kutengeneza kitu cha zamani kwa njia mpya, kupata soko jipya, kupata mahali papya pa kutoa vitu vya kufanyia kazi, na kupanga kazi yenyewe kwa mpango mpya. Angalieni ile ya tano. Koperativa nayo ni mpango mpya wa kazi. Kwa hiyo wanakosea wanaofikiri kwamba mwanzishaji na koperativa ni maadui, kana kwamba mmoja anajitafutia mali na wengine wanagawana tu. Koperativa isiyo na mwanzishaji inalala. Mwanzishaji asiye na wenzake, naye akifa, kazi yake yaweza kufa pamoja naye.

II. Historia ya Mondragón

José María Arizmendiarrieta alizaliwa Markina mwaka 1915, mtoto wa wakulima. Alipokuwa mdogo alipoteza jicho moja. Alipopata upadri alitamani kwenda Louvain, katika Ubelgiji, kusoma sosiolojia, lakini wakubwa wake hawakukubali. Mwezi wa pili wa mwaka 1941 alitumwa Mondragón kuwa padri msaidizi. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilikuwa imekwisha mwaka 1939. Umaskini ulikuwa mkubwa, na chuki ilikuwa ingali mioyoni.

Hakuanza na kiwanda. Mjini palikuwa na kiwanda kimoja kikubwa chenye shule ya ufundi, lakini mlango wa shule ile ulikuwa mwembamba: ilipokea hasa watoto wa wafanyakazi wake. Padri aliomba mlango upanuliwe, akakataliwa. Basi akaweka masanduku katika pembe za njia, ili kila mtu aandike kama yuko tayari kusaidia shule nyingine. Watu karibu 600 walijibu. Mwaka 1943 shule ikafunguliwa, nayo ilikuwa na wanafunzi karibu 20.

Wanafunzi wale walipokua, hawakuwa na uwezo wa kwenda kukaa universite. Padri akawatafutia ruhusa ya kufanya mitihani ya Universite ya Zaragoza huku wakiendelea na kazi yao ya kila siku. Watano kati yao ndio walioanzisha mwaka 1956 kiwanda cha majiko ya mafuta ya taa. Walikiita Ulgor, jina lililotungwa kwa herufi za majina yao matano. Wenyeji wa mji waliwakopesha feza, kwa sababu waliwajua na kuwaamini.

Hesabuni wenyewe: tangu shule mpaka kiwanda ilipita miaka 13. Katika miaka hiyo yote Padri alikuwa akifundisha, akikusanya vijana kwa mazungumzo, akieleza mafundisho ya Kanisa juu ya kazi na mali. Na kazi ilipoanza, yeye mwenyewe hakujifanya mkubwa wake. Alibaki mshauri. Alipokufa mwaka 1976, koperativa hazikufa pamoja naye. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliruhusu aitwe Mheshimiwa, hatua moja katika njia ya kutangazwa mwenye heri.

III. Namna walivyopanga kazi

Kwanza, kila mfanyakazi anayeingia kuwa mwanachama anatoa mchango wake. Asiye na feza ya kutosha analipa polepole kwa mshahara. Hivyo hakuna anayesema: «Ni mali ya Padri».

Pili, faida haigawanywi yote. Sehemu moja ni ya mafundisho na ya msaada kwa watu wa nchi. Sehemu ya pili ni akiba ya koperativa. Sehemu inayobaki inaandikwa kwa jina la kila mwanachama, lakini hapewi mkononi. Inaendelea kufanya kazi hata siku atakapopumzika au kuondoka.

Tatu, hapo mwanzo mshahara wa mkubwa haukuweza kupita mara tatu ule wa mdogo wa mwisho. Baadaye walipanua kiasi hicho, maana wenye elimu kubwa walivutwa na makampuni mengine.

Nne, mwaka 1959 walianzisha banki yao, Caja Laboral. Banki hii haikungoja watu waje kukopa tu. Ilikuwa na wataalamu wa kusaidia koperativa mpya zizaliwe. Vijana walipoleta wazo, waliulizwa: kiongozi wenu ni nani? Kisha walipewa mtu wa kuwasindikiza. Waliona vema kumwita jina la baba wa ubatizo. Pamoja naye walichunguza soko, mashini, bei na hesabu, pengine mwaka na nusu au zaidi. Mkopo ulikuja mwishoni.

IV. Wataalamu waliona nini?

William Foote Whyte, mwalimu wa Universite ya Cornell katika Marekani, pamoja na mkewe Kathleen, walichunguza koperativa hizi, na kitabu chao kilitoka mwaka 1988. Walihesabu kwamba kati ya koperativa 103 za wafanyakazi zilizoanzishwa toka 1956 mpaka 1986, ni tatu tu zilizofungwa. Kila mtu anayejua biashara anajua ni ajabu.

Lakini elimu ya kweli haifichi madoa. Mwaka 1974 palikuwa na mgomo katika Ulgor, ambayo ilikuwa imekua mno, kwa sababu ya mpango wa kupima kazi na mshahara. Mwaka 1996 Sharryn Kasmir, mtaalamu mwingine wa Marekani, aliandika kwamba wafanyakazi wa chini hawakuona sikuzote kiwanda kuwa chao, kama wakubwa walivyosema.

Tena mwaka 2013 Fagor Electrodomésticos, yaani mtoto wa Ulgor ile ya kwanza, ilifilisika. Ilikuwa imenunua mwaka 2005 kampuni ya Ufaransa kwa deni kubwa. Kisha tangu 2008 watu wa Hispania hawakujenga tena nyumba kama zamani, wala hawakununua friji na majiko. Koperativa nyingine zilisaidia kwa miaka, mwisho zikasema: hatuwezi tena. Wanachama wengi walipata kazi katika koperativa za ndugu zao, lakini wengi walipoteza feza waliyokuwa wameweka. Hata hivyo, koperativa za Mondragón zingali zinaajiri watu karibu 70,000.

Basi, upendo haufuti hesabu. Deni lisilolipika linaangusha koperativa sawasawa na kampuni.

V. Majibu kwa mashaka mawili

Pengine mtu atasema: «Wale ni watu wa Ulaya, sisi hatuna viwanda wala banki». Jibu: ni kweli kwamba walipata saa njema, maana Hispania ilikuwa ikikua na soko lake lilikuwa limekingwa. Tusinakili viwanda vyao. Tuchukue utaratibu wao: kujifunza kwanza, kuchunguza soko, kisha feza. Utaratibu huu unafaa vile vile kwa wakulima ishirini wa kahawa au kwa wamama wanaotengeneza sabuni. Wanaofanya likelemba tayari wanajua kuaminiana. Wanakosa kuandika na kupima.

Mwingine atasema: «Watu wanamwamini Padri peke yake, asiposhika sanduku, nani atalishika?» Jibu: hapo ndipo ugonjwa wenyewe. Padri akishika sanduku, watu hawajifunzi kulishika, naye akihamishwa sanduku linahama pia, au linakufa. Heri miaka miwili ya kufundisha watu watatu hesabu kuliko miaka kumi ya kuwahesabia.

Sheria ya nchi yetu nayo inatusaidia. Kongo iko katika OHADA tangu mwaka 2012, na sheria ya OHADA juu ya koperativa, iliyotolewa mwaka 2010, inakubali koperativa ndogo ya watu watano tu. Ile yenye baraza la uongozi inadai watu 15. Tena inaagiza kwamba asilimia 20 ya faida, pasipo kupungua, iende kwa akiba, na asilimia 20 nyingine kwa mafundisho ya wanachama, mpaka kila mfuko ufikie kiasi cha mtaji. Ni koperativa ngapi zinazoutunza mfuko huo wa mafundisho?

Ninyi wafratri, mkiwa bado seminarini, jifunzeni kusoma kitabu cha hesabu kama mnavyojifunza kusoma kitabu cha sheria. Ninyi wakatekista, mnajua ni nani kijijini mwenye akili ya kuanzisha na nani mwenye mikono safi. Mara nyingi si mtu mmoja. Wakutanisheni.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika paroki yenu, ni kazi gani ya pamoja iliyokufa? Ilikufa kwa kukosa feza, au kwa kukosa mafundisho?
2. Nani alishika hesabu? Wanachama waliweza kuisoma?
3. Kabla ya kununua mashini au kufungua duka, nani alikwenda kuuliza bei sokoni?
4. Padri akihamishwa kesho, ni kazi gani itakayoendelea?