Rangi ya Kiini Hutokana na Chakula

Muuza chipsi akipasua yai na kiini kikatoka kimepauka, mteja hunung'unika: "Haya ya kisasa haya." Kikitoka cha njano iliyokolea, mteja huyo huyo huapa kuwa ni la kienyeji, na yuko radhi kuongeza hela. Lakini kiini hakitaji ukoo wa kuku, kinataja alichokula.

Kuku hawezi kujitengenezea rangi hiyo mwilini. Huipata kwenye zanthofili, hasa luteini na zeazanthini, zilizomo katika majani mabichi na mahindi ya njano. Mahindi meupe, ambayo ndiyo tunayosaga kwa wingi Tanzania na Kenya, karibu hayana kabisa. Kwa hiyo kuku anayeshindia pumba za mahindi meupe na maganda ya muhogo hutaga yai lenye kiini kilichopauka, hata awe wa kienyeji wa kijijini kwa babu. Mpe mchicha, matembele au majani ya lusina. Kiini hujazwa tabaka juu ya tabaka katika siku kama 10 za mwisho kabla ya yai kutagwa, hivyo mabadiliko huanza kuonekana baada ya siku chache. Karoti husifiwa bure: karotini yake nyingi kuku huigeuza kuwa vitamini A, na kiini hakipati rangi ya maana.

Ukiona kiini cha kijani-kahawia, hasa yai likishakaa siku kadhaa, chunguza kama chakula kina mashudu ya pamba. Yana gosipoli, kemikali inayobadilisha rangi ya kiini, na mteja atalitupa yai akidhani limeoza. Mashudu ya alizeti hayana tatizo hilo. Na kama majani unawapa lakini viini bado vimepauka, shuku minyoo au kuhara damu, kwani utumbo ulioumia haunyonyi rangi vizuri.

Njano kali nayo si ushahidi wa lishe bora. Viwanda vya chakula cha kuku vinaweza kuongeza rangi, mathalani ya maua ya marigoldi, ilhali vitamini A inayochanganywa humo haina rangi ya kupaka kiini. Yai lililopauka laweza kuwa nayo tele.

Mfugaji, ning'iniza fungu la mchicha bandani, usawa wa kichwa cha kuku, wasilikanyage. Ila usiwapunguzie chakula chao cha kawaida. Kwa majani matupu utagaji utashuka.