Kijiji cha Kufuta Machozi

Hapa Buguruni mtoto akifiwa na wazazi, jamaa huketi baada ya matanga, na swali lao la kwanza huwa hili: Nani atamnunulia sare na madaftari? Swali ni jema. Walakini liko lililo kubwa kuliko hilo, nalo ni: Nani atamngoja jioni arudipo? Kwa ajili ya swali hili twapenda kuwapa habari za kijiji kimoja katika nchi jirani ya Rwanda.

Mwaka 1994 yalitokea huko mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wakabaki yatima wengi mno. Mwaka 2005 habari zao zilimfikia Anne Heyman, mwanamke Myahudi, mwanasheria aliyezaliwa Afrika Kusini na kukaa New York. Akakumbuka yaliyofanyika baada ya Wayahudi milioni 6 kuuawa Ulaya, jinsi watoto waliofiwa walivyolelewa Israeli katika vijiji vya vijana. Kimoja cha vijiji hivyo ni Yemin Orde, kilichoanzishwa mwaka 1953 katika mlima Karmeli. Mwalimu Chaim Peri, aliyekiongoza miaka mingi, alishika neno hili, kwamba darasa peke yake halimtoshi mtoto aliyevunjika moyo. Sharti kwanza apate nyumbani. Kwa mfano huo Bibi Heyman alianza kazi yake.

Desemba 2008 kijiji cha Agahozo-Shalom kilifunguliwa Rubona, wilaya ya Rwamagana. Agahozo ni neno la Kinyarwanda, maana yake mahali pa kufutwa machozi. Shalom ni amani kwa Kiebrania. Kina nafasi ya vijana 500 hivi, nao hukaa miaka minne.

Tazameni utaratibu wake. Vijana hugawanywa katika nyumba, na kila nyumba ina mama yake. Wengi wa mama wale wa kwanza walikuwa wamefiwa na waume au watoto mwaka ule wa 1994. Hivyo aliyepoteza mtoto alikutana na aliyepoteza mama. Yupo pia kaka au dada mkubwa, Mnyarwanda, wa kuwashauri, na mgeni wa kujitolea aitwaye binamu, akaaye nao mwaka mmoja. Kila jioni nyumba nzima huketi pamoja kuzungumza. Kijijini hufundishwa kwamba kwanza moyo utengenezwe, ndipo dunia. Basi vijana wenyewe hutoka kuwasaidia majirani wa kijiji.

Bibi Heyman alifariki Januari 2014 kwa kuanguka kutoka juu ya farasi, lakini kazi haikukoma. Yatima wa 1994 wamekwisha kuwa watu wazima, na vijana wengine wenye shida wamepokelewa mahali pao.

Ndugu zetu, hatuna shamba wala fedha za kujenga kijiji. Walakini mama tunao, kaka wakubwa tunao, na jioni tunayo. Yule kijana ashindaye sokoni akibeba mizigo, kisha akalala kwa shangazi yake, tumwekee chakula, tumwulize habari za siku yake, na tumsikilize hata amalize. Sare hununuliwa mara moja kwa mwaka. Kumngoja mtoto ni kazi ya kila siku, na kila nyumba yaiweza.