Pajama ya Kobe: Shona Mwenyewe, Dukani Hutaipata

Pita kwenye vibanda vya nguo za kulalia hapa Nairobi, uhesabu sura utakazokutana nazo. Stitch wa samawati yuko. Spider-Man yuko. Hello Kitty yuko, Peppa yuko, na Pikachu amejibana kwenye soksi. Sasa uliza kama kuna Kobe wa Tinga Tinga Tales. Muuzaji atakuangalia kidogo, halafu akutolee Ninja Turtle.

Na huyo Kobe ni mtoto wa hapa hapa! Tinga Tinga Tales ilianza kuonyeshwa kwenye CBeebies ya BBC mwaka 2010, lakini kazi ya kuwafanya wale wanyama watembee na kupepesa macho ilifanyiwa Nairobi, kwenye studio ya Homeboyz. Vipindi 52, na kila kimoja kinajibu swali ambalo nyanya yako angelijibu kwa hadithi: kwa nini ndovu ana mkonga, kwa nini kiboko hana nywele, kwa nini gamba la kobe limejaa nyufa. Jina na michoro vimetokana na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru kusini mwa Tanzania, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 akitumia rangi ya baiskeli kwenye vipande vya hadibodi. Alifariki 1972. Miaka minne tu ya kuchora, na leo ukiona chui mwenye madoadoa na macho ya kutokeza kwenye duka la watalii, unajua tu huyo ni nani.

Kwa hivyo wachoraji tulikuwa nao, na hadithi ni zetu tangu zamani. Ni nguo tu ambayo haipo. Mtoi wa mtaani anaweza kukutajia namba ya Stitch, 626, kabla hajajua kwamba katuni inaweza kuchorwa hapa mjini kwetu. Hii inaniudhi, si kidogo. Simchukii Stitch, yuko poa sana. Lakini huwezi kungoja mtu wa mbali akutengenezee pajama ya Kobe. Ukiitaka, shika makasi.

Mbona Kobe, na si simba? Kwanza, huyu ndiye mnyama anayetembea na kitanda chake mgongoni. Pili, gamba lake limevunjika likaungwa, na hapo ndipo unapookoa chapaa, kwa sababu gamba la kuungwa linashonwa kwa vipande. Na vipande viko tele. Nenda kwa fundi yeyote anayeshona vitenge, umwombe mabaki yaliyo chini ya meza. Wengi watakupa bure au kwa bei ya chai. Chukua rangi zinazopigana: njano, nyekundu, kijani, bluu. Tingatinga hakuogopa rangi, na wewe usiogope.

Kwa mwili wenyewe wa pajama, ushauri wangu ni shuka za mtumba. Gikomba au Toi utapata shuka ya pamba ya kitanda kikubwa inayotosha suruali na shati la mikono mirefu, na kipande cha mto kibaki. Uzuri wa shuka iliyotumika ni kwamba imeshafuliwa mara nyingi, kwa hivyo imemaliza kurudi. Pamba mpya ya kupimiwa kwa mita hurudi ukiifua, kwa hivyo ifue na kuianika kabla hujakata. Vitenge navyo vinaweza kutoa rangi. Lowesha kila kipande, kikandamize kwenye kitambaa cheupe, na kikiacha doa, rudi kwenye beseni mpaka maji yatoke safi. La sivyo Kobe atakuwa na tumbo la waridi.

Usitafute mchoro wa kukatia kwenye simu. Chukua suruali yako ya kulalia inayokukaa vizuri, ikunje katikati mguu juu ya mguu, uilaze kwenye magazeti yaliyogundishwa, na uzungushe kalamu pembeni. Ongeza sentimita 1.5 kila upande kwa ajili ya mshono, sentimita 5 juu kwa ajili ya lastiki, na 3 chini kwa ajili ya pindo. Lastiki ya kiunoni ivute mpaka ikivutika vizuri. Sasa kitu ambacho wengi hukiruka: suruali ina mbele na nyuma. Nyuma lazima ipande juu zaidi ya mbele, kama sentimita 4 hivi, kwa sababu una makalio na unapanga kukaa. Fuata mpinde wa suruali ya zamani upande kwa upande, usiubahatishe kwa macho. Ukikata pande zote mbili sawa, kila ukiinama mgongo utapigwa na baridi, na Julai ya Nairobi haina huruma.

Kushona ni haraka kuliko unavyodhani. Shona kila mguu peke yake uwe kama bomba. Geuza mguu mmoja, uutumbukize ndani ya mwingine, pande za nje za kitambaa ziangaliane, kisha shona ule mpinde wa kati mara moja, na urudie juu yake mara ya pili. Hapo ndipo suruali hupasuka. Kama huna cherehani, wapo mafundi watakaokukodishia yao saa za jioni, na wa ovaloki atakumalizia kingo kwa pesa kidogo. Na nyinyi mabro mnaosema kushona si kazi ya mwanaume, hebu pitieni vibanda vya mafundi mhesabu wanaume waliokaa kwenye cherehani.

Gamba sasa. Kata vipande vya kitenge vyenye pembe tano au sita, ukubwa wa kiganja, hakuna haja vilingane. Kunja kingo ndani sentimita 1, piga pasi, vipange mgongoni mwa shati kabla hujashona mbavu, wakati kitambaa bado kimelala bapa. Acha nafasi ya kidole kati yao: hizo ndizo nyufa. Cherehani ya kawaida ya kukanyaga inatosha, mshono ulionyooka karibu kabisa na ukingo. Najua utashawishika kujaza sponji ili gamba livimbe. Usifanye hivyo. Hii ni nguo ya kulalia, na anayelala chali juu ya sponji iliyokunjamana ataivua saa nane za usiku. Vifungo pia visikaribie mgongo.

Madoadoa yatakayomfanya Kobe aonekane wa Tingatinga yapige kwa rangi ya nguo, ukitumia mgongo wa penseli uliochovywa: doa kubwa, kisha doa dogo la rangi nyingine ndani yake. Yakikauka, yapige pasi kama maagizo ya kopo yanavyosema. Rangi ya baiskeli mwachie marehemu. Kwenye kitambaa itakakamaa, na itanuka.

Kama unamshonea mdogo wako, hapa tuliza boli kidogo. Stima ikipotea na mshumaa ukiwashwa, au jiko likiwa sakafuni, pajama pana ya pamba inadaka moto kabla mtoto hajapiga kelele. Flisi nayo ni plastiki, ikishika moto inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Marekani wana sheria kwamba nguo ya mtoto ya kulalia ama iwe ya kitambaa kinachostahimili moto, ama iubane mwili, kwa sababu nguo inayobana haina hewa ya kulisha moto wala pindo la kupepea. Kwa hivyo mtoto usimkatie pajama ya "atakua ndani yake". Mikono iishie kwenye kifundo, miguu vilevile, na kofia ya kichwa cha kobe isiwe na kamba shingoni hata kidogo. Wewe mtu mzima unayechemsha chai ukiwa na pajama, kunja mikono.

Marafiki wakianza kuuliza unauza bei gani, ujue tofauti. Mtindo wa Tingatinga ni wa wachoraji wengi, na kobe wako wa vipande uliyembuni mwenyewe ni wako. Lakini yule Kobe wa kwenye skrini, sura yake na jina la kipindi, ni mali ya waliomtengeneza. Kumshona ulale naye ni jambo moja. Kumchapisha kwenye pajama hamsini na kuzipeleka sokoni ni jambo jingine, tena waliochora ni vijana kama wewe. Tunga kobe wako, mpe jina lake.

Swali la mwisho ambalo huwa halikosi: mkia? Kobe ana mkia, ndiyo, mfupi sana. Uchore kwa rangi. Ukiushona utaukalia.