Somo la Saba: Mdahalo na Igizo katika Darasa la Watu Wazima

Leo nataka kusema nanyi viongozi wa vikundi juu ya kazi ambayo wengi huikimbia, yaani kuzungumza darasani mambo yanayogawanya nyumba za watu. Nachagua jambo moja, umri wa binti kuolewa, maana kikundi chenye neno moja juu yake ni adimu sana.

Kwanza yafaa mjue sheria, kwa kuwa mdahalo usio na habari za kweli ni kelele tu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya mwaka 1971 iliweka miaka 18 kwa mwanamume na miaka 15 kwa mwanamke. Tena ilisema kwamba binti asiyetimiza miaka 18 ataolewa kwa idhini ya baba yake; baba akiwa amekufa, ndipo aulizwe mama. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi alifungua shauri, na Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu hivyo, cha 13 na cha 17, vinapingana na Katiba. Serikali ilikata rufani, nayo Mahakama ya Rufani ikaitupa rufani hiyo mwaka 2019. Andika habari hizi ubaoni kabla mtu yeyote hajasimama kusema.

Sasa tuje kwenye mdahalo. Hoja iwe fupi, ya kukubaliwa au kukataliwa: “Binti asiolewe kabla ya miaka 18, hata wazazi wakiridhia.” Chagua wasemaji wawili kila upande, uwape juma zima la kujitayarisha. Lakini angalia sana: mtu asipewe kutetea upande anaoupenda. Mzee aaminiye kwamba binti aolewe mapema, yeye ndiye aitetee hoja. Na mama aliyeisomesha binti yake kwa jasho, yeye aipinge. Watanung'unika, waache wanung'unike. Mama yule atalazimika kutafuta sababu za baba wa upande wa pili: hofu ya binti kupata mimba nyumbani, ng'ombe waliokwisha kwa ukame, kaka wa binti ambaye hana mahari ya kuoa. Kuzijua sababu hizo si kuzikubali. Ila asiyezijua atasema na ukuta.

Wengi hupenda kumaliza kwa kura. Mimi siipendi kura ile, maana wakishahesabu washindi watu huacha kufikiri. Afadhali waulize wangapi wamesikia sababu ambayo hawakuwa wameifikiria kabla, nao waitaje.

Igizo ni kazi nyingine. Katika mdahalo kila msemaji ana zamu yake. Katika igizo twaona nani hapewi zamu. Wahitaji watu wanne: baba, mama, mshenga na binti wa miaka 16. Usiwaandikie maneno ya kusema. Mwite kila mmoja pembeni umwambie hali yake tu. Baba ana deni la mbegu. Mama hataki, lakini hajaulizwa. Mshenga ameahidiwa zawadi posa ikikubaliwa. Binti amebakiza miaka miwili kumaliza shule. Kisha wape dakika kumi.

Watazamaji watacheka, hasa wazee. Usiwakemee, watu wazima hucheka sana pale panapouma. Wewe mtazame binti. Mara nyingi dakika kumi hupita bila mtu kumwuliza neno, naye ameketi palepale. Usiingilie kati. Igizo likiisha, mwulize yeye kwanza: “Moyoni ulionaje?” Halafu wabadilishane nafasi, aliyekuwa baba awe binti, mkalianze upya. Mzungumze polepole juu ya tofauti waliyoiona.

Kuna miiko miwili. Usimpe mtu nafasi inayofanana na mambo ya nyumbani kwake. Kwa hiyo yakubidi uwajue wanafunzi wako kabla ya siku ile. Na igizo likiisha, mwite kila mmoja kwa jina lake halisi, aketi mahali pake pa kila siku, ili asirudi kijijini akiitwa “baba mwenye deni”.

Limebaki neno moja. Huenda mtu akasimama katikati ya mazungumzo akasema kwamba jambo hili si mchezo, kwamba binti fulani wa shule ameposwa na ng'ombe wamekwisha kutolewa. Hapo usiendelee na darasa kana kwamba hukusikia, wala usimhoji mbele ya watu. Funga kipindi kwa upole, useme naye faraghani jioni ileile. Tangu Sheria ya Elimu irekebishwe mwaka 2016, amwoaye mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari aweza kufungwa miaka 30. Mpeleke mtu huyo kwa afisa ustawi wa jamii, au kwenye dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, nawe ufuatane naye.