Mabalako: ukiuliza mashine formation iko wapi, itakutuma wapi?

Tuchukue mfano. Mchimbaji mmoja wa Mabalako anatoka mu shimo jioni, anaazima simu ya mwenzake yenye bado mega kidogo, anaandika: « Formation ya kuosha dhahabu bila mercure iko siku gani, na ni wapi? » Mashine inajibu mbiombio, kwa Kiswahili safi kabisa: Mabalako, tarehe 05/06, saa mbili.

Jibu linaonekana zuri. Lakini mule ndani mnaweza kuwa mitego mitatu, na yule mchimbaji ndiye atalipa motari, ndiye atapoteza siku ya kazi, ndiye atapita kwa barabara ambayo sote tunajua hali yake.

Kwanza tuelewe jibu linatoka wapi. IA, yaani akili ya mashine, haina orodha ya mafunzo kichwani. Inapewa vyombo: programu ndogondogo ambazo zinaenda kutafuta kwa orodha ya watu fulani na kurudisha kile zimepata. Kila chombo kinakuja na karatasi yake: jina, kazi yake, kitu gani upe ndio kifanye kazi, na kitu gani kinarudisha. Mwezi wa 11 mwaka 2024, kampuni Anthropic ya Marekani ilitoa kanuni moja ya kuunganisha vyombo hivyo na IA, inaitwa Model Context Protocol, na kampuni zingine zikaifuata. Sasa sikia jambo lenyewe: IA haioni ndani ya chombo. Inasoma ile karatasi tu. Karatasi ikisema « chombo cha formation, kinatoa orodha » basi, mashine itabahatisha. Ni kama motari mgeni mwenye umeambia « nipeleke kwa kanisa » bila kusema kanisa gani.

Turudi kwa mitego. Mabalako ni jina la mahali, lakini ni pia jina la zone de santé nzima, na Mangina iko ndani yake. Tunakumbuka tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, wakati Ebola ilitangazwa: wagonjwa wa kwanza walikuwa Mangina, lakini ripoti nyingi zilisema Mabalako. Wageni walichanganya. Programu pia itachanganya, isipokuwa karatasi yake iseme wazi: hapa « mahali » ni kijiji, si zone de santé.

05/06? Kwetu ni tarehe 5 mwezi wa 6. Kwa Mmarekani ni tarehe 6 mwezi wa 5. Ndiyo sababu wenye kutengeneza programu wanapenda kuandika mwaka kwanza, halafu mwezi, halafu siku.

Na saa mbili? Mama yangu akisema saa mbili ya asubui, ni 8h00. Mashine inaweza kusoma 2h00. Tena kuna ya Kinshasa: sisi huku tuko mbele yao kwa saa moja. Chombo kilichoandikwa Kinshasa bila kusema ni saa ya wapi, kitaonyesha 8h00 na huku itakuwa tayari 9h00. Utafika mlango bado umefungwa, utangoja saa nzima.

Kuna kosa lingine ambalo naona ni baya kuliko yote. Formation na kikao cha formation si kitu kimoja. Mafunzo juu ya kukaza shimo kwa miti yanaweza kuwa kwa orodha miaka yote. Kikao chake kina siku, mahali na mwalimu, na kikiisha kimeisha. Schema.org, msamiati ambao Google na wenzake walianzisha mwaka 2011 ili mashine zielewe kurasa za intaneti, inatenga hivi vitu viwili kwa majina mawili. Mwenye kuandika karatasi ya chombo aandike hivi: « Chombo hiki kinatafuta vikao ambavyo bado havijaanza. Hakiandikishi mtu. Kama hakuna kikao, kinarudisha orodha tupu, usibuni. » Mistari mitatu tu. Inaokoa safari nzima.

Aandike pia nani anaruhusiwa. Tangu sheria ya tarehe 9 mwezi wa 3 mwaka 2018, iliyobadilisha Code minier ya 2002, mchimbaji anatakiwa awe ndani ya cooperative. Je, kikao ni cha wenye carte tu? Mama wanaotwanga mawe wanaingia? Bei ni ya franga ama ya dola?

Na maneno. Mwaka 2019, wakati wa Ebola, shirika Translators without Borders liliuliza watu wa Beni na Goma, likakuta kwamba wengi hawakushika vizuri matangazo ya Kifaransa wala ya Kiswahili cha mbali. Nyuma ya pale, wakati wa Covid, shirika lile lilitengeneza Uji, programu ya kujibu watu kwa Kifaransa, Lingala na Kiswahili cha Kongo. Somo lile lile liko hapa. Karatasi ikisema « zebaki » peke yake, na mtu anauliza « mercure », chombo kinaweza kurudi mikono mitupu wakati kikao kiko kesho.

Kwa hiyo kazi hii isiachiwe mtu wa kompyuta peke yake. SAEMAPE, wenye kazi ya kusimamia wachimbaji wa mikono, na macooperative wanajua maneno na njia za huku. Wakae na watu kumi wa shimo, wanaume kwa wanawake, waandike maulizo yao vile wanayatamka, Kinande ndani yake. Halafu wapatie mashine maulizo yale yale, kabla mtu yeyote hajapanda moto.